Mikono Inayomwosha Mzee: Kuzuia Maambukizi Katika Matunzo ya Wazee Embu

Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaitaka Serikali ihakikishe kwamba wazee, yaani watu waliotimiza umri wa miaka 60, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kwamba wanapata matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa Serikali yenyewe. Kwa mzee ambaye mwili umemlemea hata hawezi tena kuinuka kitandani peke yake, matunzo hayo ni kazi za mikono ya mtu mwingine: kuogeshwa, kuvishwa, kusafishwa kinywa, kubadilishwa nepi, kugeuzwa ubavu na kulishwa. Kazi hizo ndizo zinazomhifadhia utu wake, na hizo hizo ndizo njia pana ambayo kwayo vimelea vya maradhi humfikia, kwa kuwa hakuna jambo jingine katika siku yake linalokutanisha vidole vya mtu mmoja na ngozi, mate, kidonda, mkojo na kinyesi ndani ya muda mfupi namna hiyo. Makala haya yanaeleza jinsi maambukizi yanavyozuiwa wakati wa kazi hizo, na yanashikilia kwamba katika kaunti kama Embu kinachopungua zaidi si vifaa vya bei kubwa, bali ni mpangilio wa kazi na mafunzo ya yule anayeifanya.

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 608,599 katika Kaunti ya Embu, na katika Kenya nzima watu wapatao milioni 2.7 walikuwa wametimiza miaka 60 au kuipita. Nyumba maalumu za kutunzia wazee ni chache mno kulinganishwa na idadi hiyo, na nyingi kati ya zile zinazojulikana zilianzishwa na makanisa na mashirika ya watawa, mfano Nyumba ya Wazee iliyoko Kasarani, Nairobi, ambayo huendeshwa na masista wa shirika la Little Sisters of the Poor, na ile ya Kanisa la PCEA huko Thogoto, Kikuyu. Katika Embu, kuanzia Manyatta na Runyenjes kwenye mashamba ya chai na kahawa chini ya Mlima Kenya hadi Siakago, Ishiara na Kiritiri katika nyanda kavu za Mbeere, mzee kwa kawaida huzeekea nyumbani kwake, akihudumiwa na binti, mke wa mwanawe, mjukuu aliyeacha shule, au msaidizi aliyeajiriwa na watoto wanaofanya kazi mijini. Akilazwa katika Hospitali ya Rufaa ya Embu au ile ya Consolata huko Kyeni, huenda akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na kidonda kilichofungwa bandeji au mpira wa mkojo, yaani mrija mwembamba unaoingizwa kwenye kibofu ili kutoa mkojo, na kuanzia siku hiyo chumba chake huwa wodi isiyo na muuguzi. Kwa sababu hiyo, kanuni ambazo katika nchi nyingine zimeandikiwa nyumba za wazee zinauhusu moja kwa moja ua wa familia ya Embu.

Mzee huambukizwa upesi kuliko kijana kwa sababu kadhaa zinazokutana mwilini mwake. Kinga ya mwili hudhoofika kadiri miaka inavyosonga. Ngozi hukonda na kukauka, ikachubuka hata kwa kuvutwa kwenye shuka. Kikohozi kinachopaswa kutoa makohozi hupoteza nguvu. Kibofu hakijimalizi vizuri, na mkojo unaobaki huwa mahali pa bakteria kuzaliana. Mwenye kisukari, ugonjwa unaowapata wazee wengi, huchelewa kupona kidonda. Jambo ambalo familia nyingi hazijaelezwa ni kwamba mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa inayoonekana, kwa kuwa mwili wake hauna tena nguvu ya kupandisha joto kama zamani. Dalili ya kwanza huweza kuwa kuchanganyikiwa kwa ghafla, kukataa chakula, kusinzia mchana kutwa au kuanguka, na mara nyingi dalili hizo hupuuzwa kwa maneno kwamba ni uzee tu. Mtu anayemwogesha kila siku ndiye aliye katika nafasi bora kuliko daktari yeyote ya kutambua mabadiliko hayo mapema, ikiwa ameambiwa ayatazamie.

Kwamba mikono ya mhudumu hubeba ugonjwa ni elimu ya zamani kiasi. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari waliokuwa wakitoka kupasua maiti wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vya akina mama katika wodi hiyo vikapungua sana, ingawa wenzake wengi hawakumkubali enzi za uhai wake. Shirika la Afya Duniani lilikuja kulifanya fundisho hilo kuwa utaratibu wa nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, kama kufunga kidonda, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka, kama kitanda, blanketi na kikombe chake. Kunawa kwa sabuni na maji kunapaswa kuchukua kati ya sekunde 40 na 60, kukigusa viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na chini ya kucha, ilhali kitakasa mikono chenye alkoholi huhitaji sekunde 20 hadi 30 na kinafaa pale tu ambapo mikono haina uchafu unaoonekana. Pete, bangili na kucha ndefu huficha uchafu usiofikiwa na sabuni, na hapana budi pete na bangili zivuliwe na kucha zikatwe kabla ya kazi kuanza.

Hapa ndipo glavu zinapoeleweka vibaya. Glavu humkinga anayezivaa dhidi ya damu na kinyesi, lakini hazimkingi mzee ikiwa mhudumu amebadilisha nepi nazo, akazitumia kuinua mto, akafungua kopo la mafuta, akapokea simu, kisha akamrekebishia mzee kola ya shati. Glavu hizo zimekuwa mikono michafu ambayo mwenyewe haisikii, na kwa kuwa hausikii unyevu wala utelezi wowote, haoni haja ya kunawa. Kanuni ni kwamba jozi moja hutumika kwa mtu mmoja na kwa kazi moja, huvuliwa mara kazi chafu inapokwisha, haifuliwi ili itumike tena, na mikono hunawiwa kabla ya kuivaa na baada ya kuivua, kwa maana glavu huwa na matundu madogo yasiyoonekana na uchafu huweza kurukia kifundo cha mkono wakati wa kuzivua. Familia isiyomudu glavu za kila siku haijakosa kila kitu. Mhudumu anayenawa kwa sabuni katika nyakati zinazostahili humlinda mzee zaidi ya yule anayeshinda na jozi moja tangu asubuhi.

Simu ya mkononi inastahili kutajwa peke yake. Inashikwa jikoni, chooni, sokoni na kwenye matatu, na hulia wakati wowote, hata mhudumu akiwa ameshika kitambaa cha kusafishia. Iachwe nje ya chumba wakati wa kumwogesha mzee, au ifutwe kila siku na isiguswe mpaka mikono iwe safi.

Msingi wa kazi yenyewe ni kuanza na kilicho safi na kumalizia kilicho kichafu, na kutorudi nyuma. Kabla ya maji kupashwa moto, vitu vyote huwekwa karibu: mabeseni mawili, vitambaa vidogo visivyopungua vitatu, taulo, sabuni isiyokausha ngozi, nguo safi, nepi, mfuko wa taka na chombo cha nguo chafu. Maandalizi haya yanaonekana kuwa madogo, lakini mhudumu anayelazimika kufungua kabati katikati ya kazi kwa mikono iliyolowa uchafu atakuwa ameacha vimelea kwenye kitasa ambacho wajukuu watakishika jioni. Macho husafishwa kwanza, kwa maji matupu, kuanzia kona iliyo karibu na pua kuelekea nje, kila jicho kwa upande wake wa kitambaa; ndipo hufuata uso, shingo, mikono, makwapa, kifua, chini ya matiti, tumbo, miguu na mgongo. Sehemu zenye mikunjo hukaushwa kwa kugusagusa, si kwa kusugua, kwa kuwa unyevu unaobaki huzaa fangasi na msuguano huchubua ngozi iliyokonda. Baada ya hapo maji hubadilishwa, kitambaa hubadilishwa, na ndipo sehemu za siri zinasafishwa, kwa mwanamke kutoka mbele kwenda nyuma kila mara, ili bakteria wa njia ya haja kubwa wasipelekwe kwenye njia ya mkojo, ambayo kwa mwanamke ni fupi sana. Matako huoshwa mwisho wa yote. Kitambaa kilichofika huko hakirudi usoni hata kikisuuzwa. Kinaingia moja kwa moja kwenye nguo za kufuliwa.

Beseni la mzee halipaswi kuwa lile la kufulia nguo za nyumba nzima wala la kuoshea vyombo. Maji yake hayamwagwi kwenye karo la jikoni, na likishaoshwa kwa sabuni huachwa likauke kabisa, likiwa limeinamishwa juani, kwa kuwa maji machache yanayobaki chini ya beseni usiku kucha yanatosha kukuza bakteria watakaopakwa mwilini kesho yake. Kopo la mafuta ya kujipaka ni mtego mwingine usiotiliwa maanani. Vidole vinavyochota mafuta, vikapaka matako yaliyobabuka, kisha vikarudi kuchota tena, huligeuza kopo zima kuwa ghala la vimelea. Dawa yake ni kuchota kiasi kinachotosha kwa kijiko safi na kukiweka pembeni kabla ya kuanza.

Nepi hubadilishwa mara inapochafuka, kwa kuwa mkojo na kinyesi vinavyokaa kwenye ngozi huilainisha na kuibabua, na ngozi iliyobabuka ndiyo mlango wa kidonda. Nepi ya dukani hukunjwa kwa ndani, hufungwa katika mfuko na kutupwa kwenye shimo refu la taka lililo mbali na kisima na mto. Ile ya kitambaa hutolewa kinyesi kwanza chooni, hulowekwa, hufuliwa kando na nguo nyingine na kuanikwa juani. Shuka zilizochafuka hazikung'utwi chumbani wala hazikumbatiwi kifuani, bali hukunjwa taratibu sehemu chafu ikiwa ndani na kubebwa zikiwa mbali na nguo za mhudumu. Hospitali za Kenya hutenganisha taka kwa rangi za mapipa, jeusi kwa taka za kawaida, la manjano kwa zile zenye kuambukiza na jekundu kwa zile zenye hatari kubwa zaidi, na ingawa nyumba ya kawaida haina haja ya mapipa matatu, fikra ya kutochanganya maganda ya ndizi na bandeji yenye usaha inapaswa kuingia hata huko. Sindano za insulini zichukuliwe kwa uzito wa pekee: huingizwa mara moja, bila kurudishiwa kifuniko, ndani ya chombo kigumu kisichotoboka, na chombo kikijaa kiasi cha robo tatu hurudishwa kwenye kituo cha afya.

Katika kazi zote za usafi wa mzee, hakuna inayosahauliwa kama kinywa, na kusahauliwa huko kunaua. Bakteria wanaoota juu ya meno, ulimi na meno bandia huchanganyika na mate, na mzee anayepaliwa mara kwa mara, hasa aliyepata kiharusi, huvuta mate hayo mapafuni akapata nimonia, yaani uvimbe wa mapafu unaoletwa na maambukizi. Watafiti wa Japani walifuatilia wakazi wa nyumba 11 za wazee kwa miaka miwili, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2002, nimonia iliwapata asilimia 19 ya wale walioachwa na mazoea yao ya kawaida, lakini asilimia 11 tu ya wale waliopigwa mswaki na wahudumu kila baada ya chakula. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine. Kulikuwa na mswaki, na mtu wa kuushika. Mzee husafishwa kinywa akiwa ameketi au ameinuliwa kichwa, kwa mswaki laini, pamoja na ulimi na ufizi hata kama hana jino hata moja, na meno bandia huvuliwa usiku, hupigwa mswaki na kuwekwa katika maji safi. Kulisha nako kuna hatari zake: mtu aliyetoka kubadilisha nepi huandaa uji kabla ya kunawa, au huuonja kwa kijiko cha mzee ili kupima joto, na wapo wanaomtafunia mzee chakula kigumu kwa upendo wa kweli. Vyakula vya Embu, kama mukimo uliopondwa vizuri au uji wa wimbi, hulainika bila msaada wa meno ya mtu mwingine.

Mpira wa mkojo unahitaji uangalifu kuliko kazi nyingine yoyote ya nyumbani, kwa kuwa ni njia iliyo wazi kutoka ulimwengu wa nje hadi ndani ya kibofu. Mfuko unaopokea mkojo hukaa chini ya usawa wa kibofu wakati wote ili mkojo usirudi, lakini haugusi sakafu. Mrija haupindwi wala haulaliwi. Mfuko humwagwa kabla haujajaa, katika chombo kilichotengwa kwa kazi hiyo tu, bila ncha yake kugusa chombo hicho. Na kiungo kati ya mrija na mfuko hakifunguliwi ovyo. Mahali mrija unapoingilia mwilini huoshwa kwa sabuni na maji kila siku, ukisafishwa kuanzia mwilini kwenda nje. Swali bora zaidi, hata hivyo, ni lile ambalo familia huona haya kumuuliza daktari: je, mpira huu bado unahitajika? Hatari ya maambukizi huongezeka kila siku inayopita, na mpira uliowekwa hospitalini kwa ajili ya upasuaji usiachwe miezi kwa sababu tu unapunguza kazi ya kubadilisha nepi.

Vidonda vya kulalia, ambavyo hutokea mahali mfupa unapokandamiza ngozi, kama kiunoni, visiginoni na kwenye nyonga, huzuiwa kwa kumgeuza mzee mara kwa mara, kwa desturi kila baada ya saa mbili, na kwa kukagua ngozi kila anapooga. Wekundu, au weusi uliozidi kwenye ngozi nyeusi, usiotoweka baada ya kugeuzwa ni onyo. Kidonda kikishafunguka huoshwa na aliyefundishwa, na hakipakwi mavi ya ng'ombe, majivu wala unga wa vidonge vya antibiotiki, mambo ambayo huongeza vimelea au kuvizoesha dawa.

Kila kilichoelezwa kinategemea maji, na katika jambo hili Embu ni kaunti mbili ndani ya moja. Upande wa juu, unaonyweshwa na mito inayoteremka mlimani kama Rupingazi na Thuci, kaya nyingi zina maji ya bomba au kijito cha karibu. Upande wa Mbeere, ambako mvua ni chache na Mto Tana umezuiwa na mabwawa ya umeme ya Kamburu, Gitaru na Kiambere, mtungi wa lita 20 unaweza kuwa umesafiri kilomita kadhaa juu ya punda kabla ya kufika mlangoni. Kumwambia mwanamke aliyeyateka maji hayo kwamba anawe mikono mara kumi kwa siku chini ya maji yanayotiririka bila kumwonyesha njia ni kumwongezea lawama tu. Njia ipo: kibuyu chirizi, yaani kidumu kilichotobolewa tundu dogo na kuning'inizwa kwenye mti, kikiinamishwa kwa kamba inayokanyagwa kwa mguu, humwezesha mtu kunawa kwa maji machache sana bila kukigusa kidumu chenyewe kwa mikono, na kikining'inizwa karibu na chumba cha mzee, pamoja na kipande cha sabuni kwenye kamba, kitatumika zaidi kuliko bomba lililo mbali. Haki ya kupata maji safi ya kutosha imeandikwa pia katika Kifungu cha 43 cha Katiba, na serikali ya kaunti inapopanga miradi ya maji ingefaa itambue kwamba kaya yenye mtu asiyeinuka kitandani hutumia maji mengi kuliko kaya nyingine, hivyo inastahili kufikiriwa mapema.

Dawa ya klorini inayouzwa madukani kwa ajili ya kung'arishia nguo hutumika pia kuua vimelea kwenye sakafu, ndoo na vyombo vya haja. Ile yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji ili kupata mchanganyiko wa asilimia 0.5 unaofaa kwa mahali palipomwagika damu au kinyesi. Uchafu hufutwa kwanza, kwa kuwa klorini humalizwa nguvu na uchafu kabla ya kufikia vimelea. Kisha dawa huachwa kwa dakika kumi hivi. Haichanganywi na dawa nyingine za usafi, haimwagwi juu ya dimbwi la mkojo, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu, na kamwe haipakwi kwenye ngozi au kidonda cha mzee.

Magonjwa mawili huenea upesi mahali penye wazee kadhaa. Upele, unaoletwa na wadudu wadogo wanaochimba chini ya ngozi, hupita kwa mgusano wa muda mrefu na kwa shuka, na hautibiwi kwa mtu mmoja. Wote wanaokaa naye na wanaomhudumia hutibiwa kwa pamoja, na nguo hufuliwa kwa maji moto, huanikwa juani na kupigwa pasi. Kuhara kunakofuata matumizi ya antibiotiki huweza kusababishwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye hujifungia ndani ya ganda lisiloharibiwa na alkoholi, na hapo kitakasa mikono hakisaidii: ni sabuni na maji tu.

Tatizo lililo zito kuliko hayo ni usugu wa dawa, yaani hali ya bakteria kuzoea antibiotiki hata zisiwadhuru tena. Kenya ilitangaza mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu huo kwa miaka ya 2017 hadi 2022, lakini antibiotiki bado hununuliwa bila cheti cha daktari, kwa vidonge viwili vitatu kadiri ya fedha zilizopo. Nchini Marekani, ambako bakteria sugu walikuwa wameenea katika nyumba za wazee, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kilitoa mwongozo mwaka 2019, kikaupanua Julai 2022, na kuanzia tarehe 1 Aprili 2024 ukawa sharti la ukaguzi wa nyumba hizo. Mwongozo huo unasema kwamba mkazi mwenye kidonda cha muda mrefu, mwenye mrija mwilini, au anayejulikana kubeba bakteria sugu ahudumiwe na mtu aliyevaa gauni na glavu katika kazi za mgusano mkubwa tu, kama kuogesha, kuvisha, kuhamisha kutoka kitandani, kubadilisha shuka na nepi, na kutunza kidonda au mrija. Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba haumfungii mzee chumbani. Anaendelea kuketi na wenzake, kula nao na kusali nao, kwa kuwa hatari imewekwa mahali pake hasa, yaani katika mikono na nguo za mhudumu. Familia ya Embu inaweza kuufuata kwa aproni ya plastiki inayofutika, au leso iliyotengwa kwa kazi hiyo na kufuliwa kila siku, na bibi mwenye kidonda mguuni asizuiwe kuota jua uani na wajukuu wake.

Kinga hizi zisipoelezwa humdhalilisha mzee. Mama aliyelea watoto wengi kwa mikono mitupu anaweza kuiona glavu kuwa tamko kwamba anachukiwa, na neno la upole kabla ya kuivaa, kwamba inamkinga yeye dhidi ya uchafu wa mhudumu, lina thamani kuliko glavu yenyewe. Isitoshe, katika jamii za Waembu na Wambeere, kama kwa majirani zao wa Mlima Kenya, heshima ya ukwe huwatenga mama mkwe na mkwe wa kiume, na ni aibu nzito kwa mwana kuuona uchi wa mzazi. Mahali desturi hii isipozingatiwa, kazi hufanywa haraka haraka, macho yakitazama pembeni, na sehemu za siri huachwa bila kusafishwa kwa siku kadhaa. Maambukizi ya mkojo yanayofuata si ya bahati mbaya. Ni busara familia ikae pamoja na kuamua mapema nani atamwogesha nani, na kumtafuta mtu wa jinsia na nasaba inayokubalika, badala ya kuiacha haya iamue.

Afya ya mhudumu mwenyewe ndiyo kiungo cha mwisho. Mwanzoni mwa mwaka 2020, virusi vya korona vilipoingia katika nyumba moja ya wazee mjini Kirkland, katika jimbo la Washington nchini Marekani, wachunguzi walibaini kwamba miongoni mwa sababu za kuenea ni wafanyakazi waliofika kazini wakiwa na dalili, na wengine waliofanya kazi katika zaidi ya nyumba moja. Mnamo Aprili mwaka huo, Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba katika nchi za Ulaya hadi nusu ya waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa wakazi wa makao kama hayo. Mtu anayelipwa kwa siku hawezi kutarajiwa aseme kwamba anakohoa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini haki ya siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na nyingine saba kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, na haki hiyo haimbagui msaidizi wa nyumbani. Mwajiri anayeikata huwa ameokoa shilingi mia kadhaa na kumkabidhi mamake kwa mafua au kifua kikuu.

Wakenya wengi, wakiwemo wana na mabinti wa Embu na Meru, sasa wanatunza wazee wa mataifa mengine, na mwaka 2021 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza kuhusu wahudumu wa afya. Huko Marekani, sheria inamtaka msaidizi wa muuguzi apate mafunzo yasiyopungua saa 75, na kati ya hizo, saa 16 zinazojumuisha kuzuia maambukizi lazima zikamilike kabla hajamgusa mkazi yeyote. Binti yuleyule, akiajiriwa kijijini kwao Embu, aghalabu huanza kumwogesha mzee siku ileile anayofika, bila saa hata moja ya kufundishwa. Hali hiyo haina udhuru, kwa maana walimu wapo: Chuo cha Mafunzo ya Utabibu kina tawi mjini Embu, hospitali zina wauguzi wa kuzuia maambukizi, na tangu Septemba 2023 nchi ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba. Serikali ya Kaunti ya Embu iwape wahamasishaji hao somo la kumhudumia mzee kitandani, na hospitali isimruhusu mzee mwenye mpira wa mkojo aende nyumbani kabla ya mtu atakayemtunza kuonyeshwa kazi na kuifanya mwenyewe mbele ya muuguzi. Na familia inayotafuta msaidizi imlipe kwanza siku mbili za kujifunza, kabla ya kumkabidhi beseni.